Shairi la Tramu

Papa Qiu aligoma kula kwa sababu ya tramu. Claudine, mfanyakazi mwenzangu kutoka Kivu, alinipokea na habari hiyo mlangoni mwa nyumba ya wazee, hapa Auderghem, mtaa wa Brussels.

"Bon, maman Mwanvua, ule muzee hajakula kitu tangu asubui. Ni weye anasikilizaka."

Nilimkuta dirishani, karatasi mapajani. Ameishi Brussels miaka arobaini, na bado anatunga mashairi ya Kichina ya mtindo wa kale: mistari minne, mizani saba kila mstari. Siku ya kwanza aliponisomea nilihesabu kwa vidole, kama tulivyohesabu kaswida madrasa kule Bujumbura. Alicheka sana. Tangu hapo tunaelewana.

Sasa mwenyekiti wa chama chao cha washairi alikuwa amemjia na sharti: shairi lake litaingia katika kitabu cha chama akiondoa tramu na kuweka mwerebi, ule mti unaoinamia maji. Eti mshairi aliye ugenini hulilia mwerebi wa kwao. Papa Qiu alimjibu kwamba mwerebi hajauona miaka mingi, tramu anaisikia kila asubuhi ikipita kwenye reli za barabarani, chini ya dirisha lake. Shairi likakataliwa.

Nilikasirika kana kwamba nimekataliwa mimi. Na mimi watu hunisuta kwamba sililii Burundi vya kutosha. Nilie kwa ratiba ya nani?

Lakini kitabu sicho kilichomuuma. Kwao shairi hujibiwa kwa shairi lenye vina vilevile, na safari hii wenzake wote walinyamaza wakimwogopa mwenyekiti. Alinionyesha simu yake. Kimya cha siku tisa.

Vina vyake viliishia kwa a. Hivyo ninavyo tele kwa Kiswahili. Nikaketi kitandani pake, nikageuza fomu ya dawa, nikaandika nyuma yake:

Tramu yanitambua,
Nimelowa kwa mvua;
Sioni mti wenu,
Nasema nayojua.

Nilimsomea polepole. Alihesabu kwa vidole, saba mara nne, ndipo nikamfasiria kwa Kifaransa. Machozi yalimtoka, na mimi pia. Kisha akaomba supu. Ilikuwa imepoa, akaimaliza.

Tulibandika mashairi yote mawili mlangoni pa chumba chake. Jumapili mwenyekiti alirudi na machungwa, akayaona, akauliza hili la pili ni la lugha gani na linatafuta nini hapo.

"Ni jibu," Papa Qiu alisema. "Yale ya kitabuni kwako, nani ameyajibu?"