Mtahiniwa Asiondoke Kwenye Kiti

Jumatano saa mbili asubuhi, katika shule ya msingi moja nje kidogo ya Mungaa, Mwalimu Editha alihesabu madawati ya darasa la nne. Yalikuwa kumi na saba, kwa wanafunzi mia moja na tisa. Kisha akafunga madirisha ya upande wa upepo, kwa sababu Yustina alikuwa amefika.

Yustina akipata jibu la hesabu, anapaa. Kujumlisha kulimwinua shubiri moja. Sehemu zilimfikisha usawa wa ubao. Maumbo yalimpeleka hadi kwenye kenchi, akakaa huko na popo mpaka kengele ilipolia. Waliolalamika ni wale wa chini yake tu, kwa ajili ya vumbi la miguu.

Siku hiyo wilaya ilileta mtihani wa kutambua watoto wenye vipaji maalumu. Nafasi ilikuwa moja kwa kata nzima: shule ya bweni yenye maktaba, kila mtoto na kitabu chake. Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Editha hakuwahi kumfikisha mtoto popote zaidi ya shamba la shule. Huyu alitaka afike.

Mama Yustina alikuja na jiwe la kusagia kichwani.

"Uzito utatosha, mama?"

"Hili limemzeesha bibi yake, mwalimu. Asipotulia na hili, basi tena. Ila jioni nalitaka, tutakula nini?"

Wakampakatisha Yustina jiwe, wakalifunga kwa khanga.

Afisa wa wilaya, Bwana Idrissa, alisoma masharti. La nne alilirudia kama aliyelitunga mwenyewe: mtahiniwa asiondoke kwenye kiti kabla ya muda.

Hadi swali la nane Yustina alitulia. La tisa lilihusu tangi linalojazwa na mabomba mawili huku la tatu likilivujisha. Lilikuwa swali zuri. Mwalimu Editha alimwona anatabasamu, akaomba kimoyomoyo: mwanangu, likose. Hakulikosa. Akapaa taratibu kama moshi wa jikoni, yeye, jiwe, khanga na karatasi, akaendelea na swali la kumi juu ya kenchi.

"Huyu ameondoka kwenye kiti," alisema Bwana Idrissa, akitazama saa yake.

"Amepaa, bosi. Kwa sababu amepata."

"Mwalimu, fomu ina 'ameketi' na 'ameondoka'. Kupaa nakuweka wapi?"

"Kwenye kipaji."

"Kipaji kinajazwa na kamati."

Akaandika: utovu wa nidhamu.

Nafasi alipewa Sultani, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekaa saa mbili bila kutikisika na kurudisha karatasi nyeupe kama alivyopewa. Kamati ikajaza: utulivu wa kipekee. Sultani mwenyewe alilia. "Mwalimu, hata la kwanza sikulielewa," alisema. Akaambiwa aache unyenyekevu.

Yustina naye hakusahauliwa. Mtama ulipokomaa na kwelea kwelea kushuka kama mvua, Mwalimu Mkuu Antipasi alimsimamisha katikati ya shamba la shule. Mwalimu Editha alimtajia hesabu kwa sauti kutoka kwenye tuta, mtoto akapaa, ndege wakakimbia. Kwenye taarifa ya shule hilo liliandikwa: huduma kwa wanafunzi wenye vipaji.

Mwezi wa tano wilaya ikaleta cheti cha pongezi kwa kutambua vipaji. Msumari wa kukitundika ulikuwa juu, na shule haina ngazi. Yustina akaitwa kutoka shambani.

"Mpe hesabu ndogo, Mwalimu Editha," alisema Antipasi. "Asije akaupita msumari."

Mwalimu Editha alikuwa nayo moja kubwa, ameitunza tangu siku ile ya mtihani, ya kumtoa mtoto nje ya bati, nje ya kata, nje ya wilaya. Akatazama dari. Akatazama mshahara wake, yaani Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama pale na cheti mkononi.

"Saba mara kumi na mbili."

"Themanini na nne," alijibu Yustina. Akainuka, akatundika cheti, akakinyoosha kilipoinama.

"Kimekaa sawa?" aliuliza kutoka juu.

"Sawasawa," alisema Mwalimu Mkuu. "Shuka upesi, ndege wamesharudi."