Udongo wa Ubalozi Mdogo

Wateja walipopungua mchana, Hyasinta alifunika meza yake ya vifungo na zipu kwa turubai, akaifunga kamba, akamwomba muuza vitenge wa jirani aitupie jicho, kisha akavaa sweta. Muuza vitenge alishaacha kumuuliza. Ulikuwa mwezi wa tatu, Kariakoo nzima ilikuwa inachuruzika jasho, na mtu mzima na akili zake alikuwa anafunga sweta mpaka shingoni. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: ubalozi mdogo, kule mtaa wa Gerezani.

Ubalozi wenyewe ulikuwa uchochoroni, kati ya duka la vioo vya magari na karakana ya springi, nyumba ya ghorofa moja yenye baraza la mbao na bati lililopauka. Waliujenga Wazungu waliokuwa wakiitawala nchi ya jirani, ile ya milimani, ili wawe na mtu wao wa kusimamia mizigo ikishuka melini na kupanda treni. Wakoloni wale walikuwa watu wa sheria kupita kiasi. Sheria ilisema kiwanja cha ubalozi ni ardhi ya nchi yenye ubalozi, nao hawakutaka mambo ya nusunusu. Wakachimbua mchanga wa Dar es Salaam, wakaleta udongo mwekundu kwa mabehewa kutoka mji mkuu wa kule, wakaumwaga mahali pake. Udongo ukaja na hali yake ya hewa.

Tangu hapo, kukinyesha kule, kunanyesha uani Gerezani. Kukiwa na ukungu, ukungu unajaa mpaka ukutani na hauvuki. Nchi ile ilipopata uhuru, wenyewe walirithi nyumba, wakapandisha bendera yao kwenye mlingoti uleule, na baridi ikaendelea kama kawaida. Mtaa ulishazoea. Akina mama wauza maji waliegemeza chupa zao kwenye ukuta wa ubalozi zipate ubaridi, mafundi springi wakaegemeza migongo, na wenye pumu walizungukia barabara ya pili.

Hyasinta hakuwa mtu wa kule. Alikuwa Mngoni wa Songea, amepanga chumba Magomeni. Mtu wa kule alikuwa mumewe Zakayo, fundi wa giaboksi, aliyeishi Bongo mpaka akawa anaota kwa Kiswahili. Zakayo alikwenda kwao kumzika baba yake, na wakati yupo matangani serikali hizi mbili zikaanza kurushiana maneno kuhusu mpaka. Serikali ya kwao ikamkamata. Kosa lake lilikuwa kukaa sana Dar es Salaam. Simu yake ikawa haipatikani. Mtu mmoja aliyeachiwa alipita Gerezani akasema amemwona kwenye gereza la mji mkuu, halina paa, wafungwa wanalala uani. Baada ya huyo hakuna aliyeleta neno tena.

Ndiyo maana Hyasinta alikuja kila siku. Alikuja kuuliza kama kuna jibu, lakini hasa alikuja kukaa kwenye benchi la uani na kupigwa na hali ya hewa ya mumewe.

Getini alikuwepo Bushiri, mlinzi, mtu wa Magomeni, aliyewahi kucheza bao na Zakayo.

"Leo kukoje?" Hyasinta aliuliza.

"Manyunyu, shemeji. Toka asubuhi. Chukua mwamvuli wangu."

"Acha tu. Mwenzangu hana mwamvuli."

Akaingia, akaketi, akalowa. Siku moja mwaka uliopita ilishuka mvua ya mawe, naye akakaa palepale mpaka ikakatika, akarudi Magomeni na nundu kwenye paji la uso. Alifurahi siku ile kuliko siku nyingi. Aliona kuwa ni jambo walilolifanya pamoja.

Siku hii, hata hivyo, balozi alitoka mwenyewe hadi barazani. Alikuwa balozi mdogo, lakini mtaa mzima ulimwita balozi, naye hakuwahi kuwasahihisha. Jina lake Robert. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua yasiyokwisha, anayevaa koti zito mwaka mzima, na kila alipotoka nje ya geti lake alishikwa na malaria. Hakuwa na rafiki mjini. Jioni alikula peke yake kwenye meza ya watu wengi.

"Mama Hyasinta," alisema, "tunahama."

"Mnahamia wapi?"

"Nchi nyingine, ambayo bado tunaelewana nayo. Wanajeshi wameshafika mpakani, pande zote mbili. Wakubwa wanaona hapa si salama."

"Na mume wangu?"

"Masuala ya wafungwa yatashughulikiwa na makao mapya."

"Basi nitawafuata hukohuko."

Robert alipenga kamasi kwanza. "Njia ya basi ya kwenda huko inapita nchini kwetu. Utahitaji viza ya kupita."

"Inatolewa wapi?"

"Hapa," alisema Robert. "Lakini tumeshaacha kutoa."

Hyasinta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameulizia mambo mengi pale na kila jibu lilikuwa la aina hiyo, kwa hiyo hakulia. Alimwuliza tu kama wataacha uani palivyo. Robert alisema hapana. Maagizo yalikuwa kuhamisha mali yote ya serikali, na udongo ulikuwemo.

"Nipe kidogo basi. Hata kopo moja."

"Mama, nikikupa nitakuwa nimemega nchi," alisema Robert, na uso wake ulionyesha kwamba angependa iwe vinginevyo.

Wiki ile wakaja makuli wa Kariakoo, na nyapara wao Beno, kuchimba. Walijaza udongo kwenye magunia, karani wa ubalozi akayapiga muhuri wa lakiri, wakayabeba mabegani hadi kwenye malori. Kila gunia lilitembea na manyunyu yake. Makuli walilowa upande mmoja wa mwili na upande wa pili ukachomwa na jua, nao walilalamikia uzito tu, kwamba mahindi ni mepesi zaidi. Madereva walifunika maturubai juu ya mizigo, kisha wakagundua kuwa mvua iko chini ya maturubai, wakayakunja wakayatia chini ya viti.

Hyasinta alisimama kando ya geti. Alikuwa hajafungua meza yake siku hiyo. Kila gunia lililopita aliliangalia mpaka likapanda lorini, na moyo ulimuuma kweli, maana kila lililopanda lilipunguza mahali anapoweza kukaa na mumewe. Benchi lilikuwa limeshatolewa. Nusu ya uani ilikuwa shimo, na shimoni mlikuwa na joto la Dar es Salaam.

Nyuma ya makuli alikuwa akifuata Bi Sitara, na ungo na ufagio wa chelewa. Wenyeji wa sokoni hawawezi kumshangaa Bi Sitara. Popote makuli wa Kariakoo wanaposhusha au kupakia, wanawake kama yeye hufuata nyuma, na kinachomwagika kutoka kwenye gunia ni chao: mchele, maharage, karanga, chochote kile. Huzoa, hupepeta, huuza. Ni desturi ya kazi, na hakuna kuli anayeweza kuibadilisha bila kutukanwa soko zima. Magunia yale yalikuwa ya zamani na yalivuja vizuri.

Robert alimwona akizoa, akashuka barazani mbio. "Huo ni udongo wa serikali!"

"Mzee, ukiwa kwenye gunia ni wa serikali," Beno alimweleza. "Ukishamwagika ni wa wafagiaji. Sisi ndivyo tunavyofanya kazi. Kama hutaki, vijana wanatua mzigo hapahapa, utafute wengine."

Robert akatazama malori, akatazama lami, na karani wake akamnong'oneza kuwa meli haisubiri. Nchi yake haikuwa na sheria juu ya udongo uliomwagika. Akapiga chafya, akarudi barazani.

Hyasinta alimsogelea Bi Sitara. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo udongo unaupeleka wapi?"

"Kwa wajawazito. Wanaupenda mwekundu, wanautafuna mchana kutwa." Bi Sitara alichovya kidole, akauonja. "Huu lakini una maji maji. Sijui kama watauchukua."

Hyasinta akamweleza habari za Zakayo, tangu matanga mpaka gereza lisilo na paa. Bi Sitara alisikiliza huku anapepeta. Kila alipourusha udongo juu, ulishuka na matone.

"Una hakika yu hai, huyo mumeo?"

"Mvua yake inanyesha."

"Mwanangu, mvua inanyesha hata makaburini."

"Najua, mama," alisema Hyasinta. Alikuwa anajua siku nyingi. Hakuwahi kusikia mtu akilisema neno hilo, na sasa lilipokwisha kusemwa aliona limekaa kifuani palepale lilipokuwa, halikuongezeka wala kupungua. Bi Sitara alimtazama kidogo, kisha akamimina ungo wote kwenye kanga ya Hyasinta, akamfungia fundo mwenyewe.

Malori yaliondoka. Bushiri alikabidhi ufunguo wa geti kwa mwenye nyumba mpya, naye akaweka humo vipuri vya pikipiki. Akina mama wauza maji walihamishia chupa zao kwenye ndoo za barafu. Robert alipelekwa bandarini na teksi, amejifunga koti, tayari anatetemeka kwa homa, na hakuna aliyekwenda kumuaga isipokuwa Hyasinta. Alimwomba amkumbuke Zakayo atakapofika. Robert aliahidi. Pengine alikuwa na nia ya kweli.

Simu ya makao mapya ililia kila Hyasinta alipoipiga, ikalia mpaka ikakatika.

Magomeni, Hyasinta alimimina udongo kwenye beseni, akaliweka kitandani upande wa ukutani, ambako Zakayo alizoea kulala. Hakukuwa na mahali pengine palipomjia akilini. Kukinyesha kule, beseni lilijaa, naye aliamka akayachota maji kwa kikombe akayamwaga, godoro akalitoa uani kulianika. Kukiwa na ukungu, ukungu ulisimama juu ya mto. Mama mwenye nyumba, Fatuma, alichungulia siku moja akasema hana neno na mtu kufuga mvua, ila sakafu ni ya saruji ya zamani, atandike plastiki. Hyasinta akatandika plastiki.

Mpaka ulibaki umefungwa. Redio zilisema mazungumzo yanaendelea, kisha zikasema yameahirishwa, na mafundi wa Gerezani wakaacha kumtaja Zakayo kwa sababu walishapata fundi mwingine wa giaboksi.

Asubuhi moja mvua ya kule ilikuwa imekatika. Dirisha lilikuwa limefungwa na chumba kilikuwa bado giza, lakini beseni lilikuwa na mwanga, maana milimani jua lilikuwa limeanza kupiga uani mwa watu. Udongo ulikauka ukafanya nyufa juujuu. Hyasinta alilala chali pembeni yake na joto dogo likamgusa bega, hafifu, la asubuhi ya watu wengine.

"Umeamkaje?" aliuliza.

Akasubiri muda ambao mtu huutumia kuitikia. Kisha akaamka, akaoga, akaenda kufungua meza.