Sauti ya Biubwa Yaenda Kuandikishwa

Mapema mwaka 1958, Isihaka bin Matano, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alikuwa barazani kwake Mlandizi akichonga penseli kwa wembe. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Biubwa, mkulima wa mihogo, kusikilizwa na Kamati ya Maoni. Kamati ilikuwa na watu wawili tu, Isihaka na Salehe, fundi cherehani. Hawakuwa na kadi ya chama chochote, na walikubaliana kwamba wakiwa kazini hawataisifu serikali wala kuitukana. Waliwauliza watu wangependa kutawaliwaje, wakaandika majibu kama yalivyosemwa, ili wayapeleke serikalini na kwa vyama vyote.

Wengi walijibu, "Vizuri tu," wakaenda zao. Biubwa alizungumza toka adhuhuri mpaka alasiri. Alitaka majumbe wa vijiji wachaguliwe, wasiletwe na serikali. Alitaka wanawake waulizwe kabla shamba halijachukuliwa. Alipomaliza alisimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Sauti yake ikabaki kwenye benchi.

Kondo, mumewe, alikuwa amekuja kumchukua. "Twende, mke wangu."

"Nenda na Biubwa," sauti ikamjibu kutoka kwenye benchi. "Mimi bado nina kazi hapa."

Biubwa akaitikia kwa kichwa. Kondo akafikiri kidogo, kisha akamwambia Isihaka, "Basi isikae kwenye upepo. Ina kifua."

Salehe akalisogeza benchi ndani.

Tangu hapo sauti ilifuatana na kamati hadi Kongowe na Magindu. Ilijua kuuliza kuliko Isihaka. Wanawake waliokuwa wakijificha uani walitoka wakiisikia. Kondo, ambaye kwa miaka ishirini alimjibu mkewe "mm" bila kusikiliza, sasa alipita barazani kila akitoka shamba.

"Umeshindaje?" aliiuliza.

"Nimeshinda salama. Mmekula?"

"Tumekula."

Nyumbani yeye na Biubwa waliongea kwa mikono, na ili amwelewe ilimbidi amtazame. Aligundua kwamba mkewe ana kovu dogo juu ya nyusi. Akamuuliza limetoka wapi. Biubwa alilieleza kwa vidole mpaka wote wawili wakacheka.

Wakati wa kuandikisha wapiga kura ulipofika, Isihaka, Kondo, Biubwa na sauti walipanda lori kwenda Kisarawe. Karani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama," akaiambia sauti.

"Marahaba, mwanangu."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Nimehitimu Kurani."

"Unapata shilingi elfu tatu kwa mwaka?"

"Kwa mihogo?" Sauti ikacheka.

"Basi siwezi kukuandika, mama."

Isihaka aliuliza kama ni kwa sababu haina mwili. Karani alifungua kitabu cha masharti, akakisoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwili haukutajwa popote," akasema. "Tatizo ni darasa la nane."

Biubwa, mwenye mwili, naye alikataliwa. Kondo vilevile. Isihaka, aliyemaliza darasa la nane, aliandikwa, akaona haya njia nzima ya kurudi.

Kamati iliyaandika yote hayo katika kurasa thelathini, ikapeleka. Serikali ilijibu kwamba maoni yamepokelewa kwa shukrani. Vyama navyo vilishukuru.

Siku ya kura sauti ilisimama kwenye foleni, nyuma ya Isihaka. Watu waliiachia nafasi yake. Ilipofika mezani iliambiwa kwamba jina halimo. Ikashukuru, ikarudi mwisho wa foleni, ikaanza tena. Ilifanya hivyo mara saba, mpaka sanduku lilipofungwa.

Kondo na Biubwa walikuwa wakiisubiri nje.

"Wamekukubali?" Kondo akauliza.

"Bado."

"Haya, twendeni nyumbani."

Wakaifuata njia ya mashambani. Kondo alitembea katikati, ameshika mkono wa mmoja, akimsikiliza mwingine.