Mfuko wa Shati la Mwalimu

Gari lilizimika katikati ya mzunguko, na lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi mpaka vioo vikatetemeka. "Klachi, dada," alisema mwalimu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Nikamwomba radhi, nikawasha, nikalizima tena. Safari hiyo nilifanya makusudi, maana muda tuliokwama pale ulikuwa muda wangu.

Ukweli ni kwamba nilijua kuendesha kabla sijajua kusuka. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, hakujaliwa mtoto wa kiume, na mimi ndiye niliyekuwa nikimrudishia lori nyuma uani jioni. Sasa mtu mzima na akili zangu, niligonga kila pipa la mazoezi, hata lile la pembeni ambalo halikuwa njiani.

Chanzo ni Shangazi. Hakuwa shangazi yangu. Alikuwa shangazi wa mwalimu, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na mtaa mzima tulimwita hivyo. Mimi kazi yangu ni udobi. Dobi hatii shati majini kabla hajageuza mifuko, na kwa mifuko hiyo nilikuwa nimeshafumbua mengi: pete ya jirani iliyodhaniwa imeibwa, tikiti za sinema za mume aliyeapa kwamba alikuwa kazini. Watu wakanibandika jina la Shushushu, nami nikalipenda kuliko nililopewa na wazazi. Ndipo Shangazi akaja na kapu la nguo za mpwa wake na shida yake juu ya kapu.

"Kila mchumba ninayemtajia anamkataa," alisema. "Kuna mwanamke hapo, mwanangu. Nitafutie."

Katika mifuko ya mpwa sikukuta kitu zaidi ya karatasi za pipi. Nikaona nimfuate aliko. Nikajiandikisha katika shule ya udereva aliyofundisha, nikavaa miwani ya jua iliyonifunika nusu ya uso, nikajiona mpelelezi haswa. Haukupita muda nikajua hakuna mwanamke yeyote. Mpelelezi mwenye akili angekwenda kusema hivyo na kurudi kwenye beseni lake. Lakini mwalimu alikuwa na tabia ya kucheka huku ametazama dirishani, ili mwanafunzi asione aibu, na mimi nikawa siwezi kupitisha siku bila kukiona kisogo kile kikicheka. Nikaanza kuzima gari. Kila Shangazi aliponiuliza, nilimjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Nilimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilikuwa na vibanio viwili vya nywele, pacha, vya rangi ya samawati, kimoja kimevunjika jino nikakifunga kwa uzi mweusi. Hicho kibovu kikapotea ndani ya gari. Nilimuuliza mwalimu kama amekiona. "Hapana," alijibu, akatazama dirishani.

Kisha Shangazi akachoka. Alinijia na shati jeupe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Jumamosi tunakwenda kuposa," alisema. "Binti wa mwenye duka la dawa. Mpwa wangu hana jina la kunitajia, na wewe huna. Kesho alasiri nitalifuata shati. Ukiwa na neno, uwe nalo kesho."

Sikulala. Nikisema hakuna mwanamke, nimemwoza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema yupo, nitaulizwa ni nani, nami kwa mwalimu nilikuwa mwanafunzi mzito tu asiyejua gia.

Asubuhi, ndani ya gari, nilimwambia nasikia mtaani kwamba anaoa. Alinielekeza kwanza nipite taa za barabarani.

"Shangazi amenilea," alisema. "Kumkatalia kunataka sababu."

"Na wewe huna?"

"Ninayo. Ila sijui kama nayo inanitaka."

Gari likazimika, na safari hii sikukusudia. Basi yupo. Shushushu mzima nimekaa naye bega kwa bega siku zote hizo, na mwanamke huyo sikumwona hata kivuli. Nilirudi nyumbani nikalilia kwenye beseni, na shati nikashindwa hata kuligusa.

Shangazi alipofika alilikuta vilevile. Kabla hajafungua mdomo nikalinyakua nilitie majini, na mkono, kwa mazoea yake, ukageuza mfuko kwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakunionya kwamba kinaweza kuwa nguoni mwa mtu mwingine.

Kibanio cha samawati, jino limefungwa kwa uzi mweusi.

"Cha nani hicho?" aliuliza Shangazi.

Pacha wake alikuwa kichwani mwangu. Shangazi alikitazama kiganja changu, akazitazama nywele zangu, kisha ile miwani iliyoning'inia kwenye kamba ya nguo.

"Muuza mayai aliniambia," alisema polepole. "Kuna mwanamke wa miwani, habanduki kwenye gari la mpwa wangu, na wala hajifunzi."

"Ndiye mimi, Shangazi."

"Na uchunguzi?"

"Ulikuwa bado unaendelea."

Hakucheka. Aligeuza ndoo, akaikalia, akanitazama muda mrefu kama anayekagua kola. Nikajua akisema hapana sitakuwa na pa kukimbilia, maana hata gari sina.

"Shati lipige pasi vizuri," alisema hatimaye, akisimama. "Safari ya Jumamosi iko palepale. Ni nyumba tu iliyobadilika."

Nililifua peke yake, nikalipiga pasi hadi mikunjo ya mikono. Kibanio nikakirudisha mfukoni, pale pale nilipokitoa.