Chura Mdomoni mwa Korongo

Ukuta wa kando ya daraja la mto Sosiani ulikuwa umekamilika, na Amondi alibakiza kuandika jina lake tu pembeni. Mto ulipita katikati ya mchoro. Kwenye kingo zake alikuwa amechora wanyama wa koo za wenyeji, kila ukoo na mnyama wake, kama alivyotajiwa na akina mama wa Yamumbi. Korongo alimchora akimeza chura, jambo aliloliona mara nyingi utotoni, mamake alipokuwa akifua nguo hapo chini.

Asubuhi Mzee Kimeli alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya korongo kwa muda mrefu.

"Huyo chura ni sisi," akasema. "Na korongo ni ukoo wa mke wangu. Mashemeji wanapita hapa wananiuliza kama nimeshamezwa."

Amondi alitaka kucheka, akauona uso wa mzee, akaacha. Akamwuliza angependa chura akae wapi. Mzee akaonyesha jiwe lililokuwa katikati ya maji, akaomba awe mkubwa kidogo, na amtazame korongo bila woga. Kufikia saa sita chura alikuwa juu ya jiwe, amefura kama diwani. Mzee alishukuru, akaenda kuwaita mashemeji.

Lakini picha ya chura akimezwa ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu. Jioni akaja Stephen, mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mchoro. Stephen hakumtazama chura hata kidogo. Alisema watu wanauliza kwa nini mto wao umechorwa na Mjaluo wa mtaa wa Langas. Kwa hiyo kesho, siku ya uzinduzi, Amondi ashike maikrofoni aombe radhi kwa kuuchora. Akikataa, ukuta wote utapakwa chokaa.

Amondi aliutazama ukuta. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

"Mzee aliniambia nimekosea chura, nikamrekebisha," akasema. "Kama kuna mwingine nimekosea, nionyeshe, nitamrekebisha pia. Lakini huu mto nimeuogelea, nimeunywa, ukanipa na homa ya matumbo. Mimi ni mgeni wake kivipi?"

Stephen akamwambia kwamba chokaa imeshanunuliwa.

Amondi akachovya brashi, akaanza kuandika jina lake.

"Basi pakeni," akasema bila kugeuka. "Radhi siombi."