Kompyuta ya Mwalimu Gitobu Yapata Nafuu

Mwalimu Gitobu alipostaafu, kanisa lao pale Muthara lilimpa kazi ya kuandika historia ya kanisa hilo, isomwe siku ya jubilei. Alikubali mbele ya waumini wote. Lakini kila mara mwenyekiti wa jubilei, mzee Naftaly, alipomuuliza amefika wapi, jibu lilikuwa lile lile: kompyuta inasumbua.

Na kweli ilisumbua. Gitobu aliiwasha, akaenda kumkatia ng'ombe majani, akarudi na kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Kwa huruma, Naftaly aliiombea kompyuta hiyo kanisani, na waumini wakaitikia amina.

Karwirwa, mkewe Gitobu, hakutegemea maombi peke yake. Igoki, binti wa kaka yake na fundi wa kompyuta mjini Embu, alipokuja kuwatembelea, Karwirwa alimketisha mbele ya mashine kabla hata hajanywa chai.

Igoki alifungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, akaanza kucheka. Kulikuwa na mbili za kuzuia virusi, zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Kulikuwa na ya printa waliyokwisha kuigawa, ya muziki, ya michezo ya wajukuu, na moja iliyofuatilia hali ya hewa ya mji wa ng'ambo ambao hakuna mtu wa boma hilo aliyewahi kuufikia.

"Shangazi, hii mashine haijazeeka," alisema. "Kila mkiiwasha, hizi zote zinaamka nayo na kula nguvu yake bure."

Alibakisha programu moja ya virusi, akafuta zisizo na kazi, na zilizosalia akazizuia zisijiwashe zenyewe. Akamwonyesha Gitobu namna ya kufanya hivyo. Walipoiwasha tena, ilifunguka kabla mwalimu hajavaa miwani. Karwirwa alipiga makofi. Gitobu alishukuru kwa sauti ya mtu aliyemeza dawa chungu.

Igoki aliporudi Embu, Gitobu alikaa mbele ya ukurasa mweupe. Aliandika "Historia ya Kanisa Letu". Akakuza herufi. Akazipunguza. Akazipaka rangi ya buluu, kisha akaenda kumwangalia ng'ombe, ambaye alikuwa ameshiba.

Haikupita wiki, Karwirwa akaisikia mashine ikivuma kama ya kusaga unga. Alimpigia Igoki simu kumwambia ugonjwa umerudi. Igoki akamweleza kwamba programu zikizimwa vile hazijirudishi. Kuna mtu amezirudisha moja moja.

Karwirwa alivuta kiti akaketi kando ya mumewe.

"Baba Mugambi, ni nini unaogopa kuandika?"

Gitobu akamweleza yote. Alikuwa amewahoji wazee, na wote walimpa habari moja. Kanisa lao lilianza siku baba yake Naftaly alipotolewa kwenye kwaya ya kanisa walilosali awali kwa sababu ya sauti yake, akaondoka kwa hasira na jamaa zake, wakaanza kusali katika ghala la mahindi. Sasa jambo kama hilo utaliandikaje, na Naftaly ndiye mwenyekiti?

Karwirwa alisema wamuulize mwenyewe, akamwita kwa chai. Gitobu alimsimulia habari hiyo polepole, macho yakiwa ndani ya kikombe. Naftaly alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Hao wazee wamekuficha jambo," alisema. "Baba akianza kuimba, hata mbwa wa mchungaji alikuwa anatoka nje. Andika na hiyo."

Gitobu alizizima tena zile programu, na Naftaly akavuta kiti karibu, akaanza kumsimulia. Mashine sasa ilikuwa na mbio, lakini mwalimu aliandika kwa vidole viwili, ikabidi mzee arudie kila sentensi. Jua lilipotua walikuwa bado hawajatoka kwenye ghala la mahindi, wakibishana kama kinanda cha kwanza kilinunuliwa ama kiliazimwa.