Dakika Arobaini za Shangazi

Kila asubuhi Bi Harusi alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Alifungua madirisha mawili ya mapokezi, akapangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu, akazigongagonga kadi za wagonjwa mezani mpaka kingo zikae sawa, kisha akawasha kompyuta na kufungua orodha ya miadi. Kabla ya kuliita jina la kwanza, alilisema kimoyomoyo mara mbili, maana sauti yake ilikuwa ndogo na aliogopa isije ikamkwama mbele za watu.

Ijumaa hiyo aliikuta kompyuta imeshawashwa. Akadhani jana aliisahau, akaona aibu, akaamua kulimeza jambo hilo. Akatafuta kabrasha la miadi pale linapokaa siku zote. Halikuwepo. Akatafuta kwingine kote anakokujua, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Pipa lilikuwa jeupe, safi kama sahani iliyorambwa. Miadi ya wagonjwa mia tatu na ushee ilikuwa imeyeyuka, na kwenye benchi kina mama kumi na mmoja walishaketi na watoto wao, wakimwangalia.

Alikuwa na miezi miwili tu katika ukoo huo, ndiyo maana hata wagonjwa walimwita Bi Harusi. Zahanati ilikuwa ya baba mkwe wake, Daktari, na ilitenganishwa na nyumba yao kwa kiwanja kidogo cha kuanikia nguo. Mumewe, mtoto pekee wa Daktari, alikuwa masomoni mji mwingine kwa wiki sita. Waliobaki nyumbani walikuwa watatu: yeye, Daktari, na dada mkubwa wa Daktari, ambaye ndiye muuguzi mkuu, na ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata wagonjwa waliomzidi umri.

Shangazi hakuwa tatizo. Shangazi alimtania tangu asubuhi hadi jioni. Tatizo lilikuwa Daktari. Tangu harusi hajamwelekezea Bi Harusi neno hata moja. Akitaka kadi, humgeukia dada yake: "Mwambie binti aniletee kadi," na binti mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka hapo, kadi iko mkononi. Bi Harusi alikuwa amejaribu kujishawishi kwamba huenda ni tabia yake. Lakini na wagonjwa Daktari alicheka hadi miwani ikamdondoka, kwa hiyo maelezo hayo hayakusimama. Hanitaki, alijiambia. Na sasa orodha nzima imepotea mikononi mwangu.

Alikimbia kumwita Shangazi. Shangazi alikuja, akaikodolea macho kompyuta, akamtuma akamwite Daktari. Daktari akatoka kwenye chumba chake cha kutibia, akatazama kioo, akatazama dari, akamwambia dada yake kwamba yeye ana wagonjwa, akarudi alikotoka.

Sheria ya kutunza taarifa za wagonjwa ilitaka jambo la namna hiyo lichunguzwe na mtu wa nje, kwa hiyo Shangazi akapiga simu. Wakati wakisubiri, kina mama wa benchini walijitolea kuiunda orodha upya kwa kumbukumbu. Ilichukua dakika chache tu kugundua kwamba, kwa kumbukumbu yao, wote kumi na mmoja walikuwa wa kwanza.

Mchunguzi alifika saa tatu na nusu, mwanamume mwembamba mwenye begi jeusi na mwendo wa mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Alivaa glavu. Mama mmoja akamuuliza kama kompyuta ina homa, naye akajibu kwa upole kwamba ndiyo anataka kuipima. Hakugusa kitu. Alipiga picha kioo, nyaya, meza, hata kikombe cha chai. Aliandika saa iliyoonekana kwenye kompyuta, akailinganisha na ya mkononi mwake, akaandika kwamba zinalingana. Kisha akauliza nani aliyeigusa mashine tangu jana.

Bi Harusi alisema yeye. Shangazi alisema na yeye pia, kidogo tu, alikuwa anapangusa vumbi. Mlango wa Daktari ulikuwa umefungwa.

Baada ya hapo Mchunguzi alizima kompyuta, akaitoa diski, akaiunganisha na kiboksi kidogo. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba kiboksi hicho kinamruhusu kusoma tu. Hata akitaka kuandika nukta moja, kitamkatalia. Angetengeneza nakala kamili na kufanya kazi juu ya nakala, ili diski yenyewe ibaki kama alivyoikuta. Mwishoni kila moja ingempa namba ndefu, na namba hizo zikifanana tarakimu kwa tarakimu, basi nakala na diski ni pacha. Akatoa fomu. Kila mkono unaopokea diski uweke sahihi, na saa. Bi Harusi alitia sahihi yake, akahisi kama anasaini kosa.

Nakala ilichukua saa mbili. Kwa saa mbili hizo aliita wagonjwa kwa kuandika majina kwenye daftari, na kati ya jina na jina alilipanga sanduku lake kichwani. Viatu chini, magauni juu. Ikionekana ni yeye, hatangoja kufukuzwa. Atarudi kwa mama yake kabla mumewe hajamaliza masomo, na huko atatafuta maneno ya kumweleza.

Namba zilifanana. Mchunguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza, akachungulia nakala kwa muda, kisha akawaita. Safari hii Daktari naye alitoka, akasimama nyuma kabisa, karibu na mizani ya watoto.

Habari njema, alisema Mchunguzi, ni kwamba orodha ipo yote. Ilitupwa pipani na pipa likamwagwa, lakini hakuna kilichoandikwa juu yake, na ameshairudisha. Kina mama wakapiga makofi. Akangoja watulie, akasema kwamba kwa rekodi ya kompyuta, kabrasha lilitupwa leo saa mbili na dakika nne.

Hapo chumba kikapoa. Kila mtu alijua nani hukaa kwenye kiti kile kuanzia saa mbili kamili. Bi Harusi alifungua mdomo kusema si yeye, na sauti ikamkwama kama alivyoogopa siku zote. Machozi yalikuja bila kubisha hodi.

"Sijamaliza," Mchunguzi alisema. "Nimesema kwa rekodi ya kompyuta. Kompyuta huandika saa iliyoambiwa. Na hii huwa inaandika pia kila inapobadilishiwa saa." Akasoma kwenye karatasi yake. Jana jioni, saa kumi na moja na robo, saa ya mashine hii ilisogezwa mbele dakika arobaini. Leo, saa mbili na dakika tisa za kweli, ilirudishwa nyuma dakika arobaini. Aliinua macho. "Ukizitoa hizo arobaini, kabrasha lilitupwa saa moja na dakika ishirini na nne. Nani alikuwa wapi saa hiyo?"

Shangazi alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi ambacho hata mgonjwa asingekiamini.

"Saa moja na nusu kasoro huyu alikuwa na mimi jikoni, tunaosha vikombe," alisema hatimaye. "Nilikuwa namsimanga kwa kupoteza sabuni. Sio yeye."

"Na saa?" Mchunguzi aliuliza.

"Saa ni mimi."

Ikabidi aeleze yote. Ndugu yake alizaliwa akiwa amechelewa wiki mbili, na tangu siku hiyo hajawahi kuzifidia. Kina mama hufika saa mbili, yeye hutokea saa tatu. Kwa hiyo jana jioni alisogeza saa ya ukutani sebuleni, na ili asije akashtukiwa, akasogeza na ya kompyuta. Aliyemfundisha kuibadilisha ni Bi Harusi mwenyewe, mwezi uliopita, tena kwa uvumilivu mkubwa. Leo, vurumai ilipoanza, alipata woga akairudisha wakati binti amekwenda kumwita Daktari. "Nilitaka aje mapema siku moja tu nione uso wake ulivyo asubuhi," alisema, na benchi zima likaangua kicheko.

"Basi alikuja mapema," Mchunguzi alisema taratibu.

Vichwa vyote vikageuka kuelekea kwenye mizani ya watoto.

Mchunguzi aliishusha sauti. Alisema katika lile pipa, pamoja na kabrasha, kulikuwa na barua moja fupi, iliyoandikwa leo asubuhi na kufutwa leo asubuhi. Haihusu wagonjwa, kwa hiyo kazi yake haimruhusu kuisoma hadharani. Inaonekana mwandishi aliifuta, akachagua na kabrasha jirani bila kujua, akalimwaga pipa ili barua isionekane. Akaikunja karatasi aliyoichapa mara mbili, akamfuata Daktari, akampa. Akamwomba atie sahihi kwenye fomu kwamba ameipokea. Daktari akatia sahihi.

Alibaki ameishika karatasi kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo vyake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza Bi Harusi alimtazama usoni moja kwa moja, na alichokiona kilimshangaza. Kumbe uso ule haukuwa wa hasira. Aliujua vizuri. Ndio uso wake yeye, kila asubuhi, kabla ya kuliita jina la kwanza.

Daktari akasafisha koo. "Dada," alisema, "mwambie binti kwamba…"

"Simwambii," alisema Shangazi. "Masikio anayo, na yako hapo. Mimi leo nimeshaungama langu, mdomo umechoka."

Mtoto mmoja alipiga chafya. Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa koti lake jeupe, akaivaa tena, akavuka chumba hadi kwenye meza ya mapokezi. Akaisoma karatasi kimya, akatikisa kichwa, akaitia mfukoni.

"Leo niliwahi kuja nikuandikie barua, nikaiandika mara nne," alimwambia Bi Harusi. "Kila nikisoma naona kama cheti cha dawa. Nikafuta. Sikujua nafuta na kazi yako, nisamehe kwa hilo." "Nilichotaka kusema ni hiki. Mama yake mumeo alipofariki, nyumba ile ilikuwa kimya miaka tisa. Tangu uje, asubuhi nasikia wewe na Dada mkigombania sabuni, na nakaa kitandani nawasikiliza mpaka nachelewa kazini. Sikujua namna ya kukwambia. Nimefurahi kwamba umekuja kwetu, mwanangu."